Giaboksi ya oto ya Surf ama Prado ya kitambo: pitia hizi zote kabla ukubali ishushwe

Ukiwa na gari ya oto ya miaka ya tisini hapa Nairobi kuna sentensi moja lazima utaiskia siku moja: "Mkubwa, hii giaboksi imeisha, tafuta ingine ex-Japan." Na fundi mwenyewe hajavuta dipstiki, hajaingia chini, ameendesha tu mpaka hapo kona na kurudi. Inawezekana ako sawa. Lakini shida nyingi za hizi oto za zamani ziko nje ya giaboksi yenyewe, ama ziko kwa oili, kwa kebo, kwa waya, ama pale chini kwa sampu (ile karai ya oili chini ya giaboksi), yaani mahali mtu mwenye spana za kawaida na Jumamosi moja anafika bila shida. Kushusha ni kazi ya mwisho kabisa. Nitakupeleka kwa mpangilio kutoka kitu ya bure mpaka kitu ya pesa, na usiruke, juu ukianza kuchezea kebo na kumbe oili iko chini utakuwa umeficha ugonjwa tu, gari itaenda poa wiki mbili alafu klachi za ndani ziungue kabisa.

Naongea sana sana kuhusu familia ya A340 na A343 za Toyota, zile zimetengenezwa na Aisin, ndizo ziko kwa Hilux Surf, Prado na Hilux chache za oto utapata hapa mjini. Kama yako ni Isuzu ama Nissan kanuni ni zile zile, vipimo ndio vitabadilika, so tafuta za gari yako.

Kabla ya yote, usalama kidogo. Paki mahali tambarare, handibreki juu, mawe mbele na nyuma ya tairi, na usiingie chini ya gari imeshikwa na jeki peke yake, weka stendi. Surf iko juu kiasi unaweza ingia bila hata kuinua, kama wewe si mnene. Oili ya oto ikitoka moto inachoma vibaya, so siku ya kumwaga ngoja ipoe mpaka uwe unaweza shika sampu na mkono.

Anza na dipstiki

Hapa ndio watu wengi wanakosea juu wanapima kama oili ya injini, gari imezimwa na baridi. Oto inapimwa ikiwa moto na injini inanguruma. Endesha kama nusu saa hivi, oili ifike joto la 70 mpaka 80. Ukifika paki, kanyaga breki, pitisha gia pole pole kutoka P mpaka L kila mahali isimame kidogo, alafu rudisha P. Injini bado iko on, vuta dipstiki, pangusa na kitambaa kisichotoa nyuzi, rudisha yote mpaka mwisho, vuta tena. Inafaa iwe ndani ya zile alama za HOT. Zile za COLD ni za kukadiria tu.

Ikiwa chini, pampu inavuta hewa, presha inashuka, gia zinateleza, revu zinapanda na gari haisongi. Ikiwa juu sana shida inakuwa karibu ile ile, juu vitu vinavyozunguka ndani vinapiga oili mpaka inatoa povu, na povu haibebi presha. So mtu akikuambia "ongeza tu kidogo haidhuru", inadhuru.

Sasa angalia rangi na unuse. Nyekundu ama hudhurungi kidogo ni sawa kwa gari ya umri huu. Nyeusi na inanuka kama kitu imeungua, klachi zimeteseka. Ikiwa imekuwa kama yoghurt ya strawberry, simamisha gari hapo hapo na usiiwashe tena. Hiyo ni maji imeingia. Oili ya oto inapoozewa ndani ya rejeta pale chini, na ule mrija wa ndani ukitoboka maji na oili vinachanganyika, na maji inabandua nyuzi za klachi kwa chuma chake. Hapo unabadilisha rejeta kwanza kabla hata ufikirie giaboksi, la sivyo utaharibu ya pili pia. Wenye injini ya dizeli ya 1KZ mko na sababu zaidi ya kuangalia rejeta: joto la giaboksi linaishia kwa maji ya injini, na hiyo silinda hedi ya 1KZ inajulikana vile inapasuka ikichemka. Jam ya Mombasa Road saa kumi na mbili jioni haisaidii mtu.

Aina ya oili nayo si ya kubahatisha. Mara nyingi imeandikwa kwa dipstiki yenyewe. Za zamani zinasema Dexron II na hizo zinakubali Dexron III, zile zilikuja baadaye zinasema T-IV. WS ni ya giaboksi za kisasa, ni nyepesi sana, usiweke kwa hii hata kama duka imeishiwa na ile yako. Na nunua mkebe umefungwa, mahali utapewa risiti. Ile ya kupimiwa kwa chupa ya soda wacha ikae.

Jaribio la simu

Kabla ufungue kitu chochote, pima vile gia inachukua muda kuingia. Gari imepashwa moto, handibreki imevutwa kabisa, mguu kwa breki, mguu wa mafuta uwe mbali. Mtu akurekodi video na simu, ionyeshe mkono wako kwa gia na isikie sauti. Toa N weka D, ngoja uskie ule mshtuko mdogo gari ikishika. Rudi N, ngoja kama dakika moja, rudia. Fanya mara tatu, alafu fanya N kwenda R pia mara tatu. Baadaye kaa chini uangalie video pole pole. N kwenda D inafaa iwe chini ya sekunde 1.2, N kwenda R chini ya sekunde 1.5.

Zote mbili zikichelewa, shida iko na presha ya jumla: oili, filta, kebo, pampu. Ikiwa ni moja tu inachelewa, mfano R peke yake, basi unaanza kushuku klachi ama breki ya ndani inayohusika na hiyo gia, na hiyo ni habari mbaya kiasi. Andika hizo namba mahali, utazihitaji ukimaliza kurekebisha ndio ujue kama umesaidia ama umeharibu.

Kuna ile jaribio ingine mafundi wanapenda, ya kukanyaga breki na mafuta pamoja mpaka chini. Mimi siipendi kwa giaboksi yenye unashuku tayari. Kitabu kinasema isizidi sekunde 5, lakini nimeona mtu akiishikilia akipiga story. Na namba za kitabu ni za injini yenye afya, si injini ya miaka thelathini inayopumua hewa ya mita zaidi ya 1,600 juu ya bahari, so hata ukipata jibu hutajua ulisome aje.

Taa ya O/D

Kama giaboksi yako iko na kompyuta, ile taa ya O/D OFF (O/D ni overdrive, gia ya juu kabisa) kwa dashibodi ikiwaka na kuzima yenyewe ukiendesha, inakuita. Huhitaji mashine. Fungua boneti, tafuta kile kiboksi cheusi kimeandikwa DIAGNOSIS, ndani ya kifuniko kuna ramani ya matundu. Unganisha TE1 na E1 na kipande cha waya. Hakikisha umesoma vizuri, tundu la pembeni linaweza choma kitu. Washa ufunguo bila kuwasha injini, kitufe cha O/D kiwe ndani, alafu hesabu taa. Ikipepesa haraka haraka bila kusimama, mara mbili kwa sekunde, hakuna kosa limeandikwa. Ikipepesa 6, ikapumzika, ikapepesa 2, hiyo ni 62.

42 na 61 ni sensa za spidi. 62 ni solenoidi (valvu ndogo ya stima inayoelekeza oili ndani) namba 1, 63 ni namba 2, 64 ni ile ya kufunga konveta, ile duara yenye oili inayounganisha injini na giaboksi. Solenoidi unaweza pima bila kufungua sampu, kwa soketi ya waya inayoingia pembeni ya giaboksi. Chomoa, weka mita kati ya kila pini na chuma ya giaboksi, inafaa usome kama 11 mpaka 15 omu. Ukipata sufuri ama hakuna kabisa, imekufa, ama waya wake umekatika. Waya ndio nashuku kwanza kila wakati. Hizi gari zimepita kwa mikono mingi, zimewekewa alamu, zimetolewa alamu, na panya za Nairobi zinapenda waya.

Na hapa kuna kitu ningetaka kila mwenye hii gari ajue. Chomoa hiyo soketi ya solenoidi kabisa alafu endesha, mahali hakuna watu. Bila stima giaboksi inafanya kazi na mkono: ukiweka L inaenda gia ya kwanza, ukiweka 2 inaenda ya tatu, ukiweka D inaenda ya juu kabisa. Ikifanya hivyo na inashika vizuri, ndani kuko sawa, shida yako ni ya stima. Na sasa fikiria gari ambayo solenoidi namba 1 na namba 2 zimekata zenyewe barabarani: ukiweka D inaanza na gia ya nne. Itakuwa nzito, haina nguvu, mlima haipandi. Fundi anasema imeisha. Weka L ujaribu. Ikivuta kama ng'ombe ya kulima, usinunue giaboksi, nunua mita ya stima.

Ukimaliza hii jaribio kosa litakuwa limeandikwa kwa kompyuta, so zima gari, rudisha soketi, toa waya wa hasi wa betri kidogo ndio lifutike.

Kebo

Sasa tufike kwa kitu inaua oto nyingi kimya kimya. Kuna kebo mbili pale kwa injini zinazoshikana na mkono wa mafuta. Moja inatoka kwa pedali, ingine inashuka nyuma mpaka giaboksi. Watu wanaita hiyo ya pili kebo ya kikdauni na kudhani kazi yake ni ile ya kushusha gia ukitaka kupita lori tu. Kwa oto ya kompyuta kazi yake kubwa ni kuambia giaboksi presha iwe kiasi gani. Ukikanyaga zaidi, inavuta zaidi, presha inapanda, klachi zinafinywa kwa nguvu. Kebo ikilegea, presha inabaki chini wakati injini inasukuma kwa nguvu, gia zinabadilika laini sana, tamu kabisa, na hiyo utamu ni klachi zikiteleza na kuungua. Ikikazwa sana gia zinaingia na teke. Kwa zile za zamani zaidi zisizo na kompyuta kebo inaamua pia gia zibadilike lini, so ikilegea zinabadilika mapema, ikikazwa zinachelewa.

Ndio maana ukinunua gari alafu muuzaji anajigamba "skia vile inabadilisha, huskii kitu", wewe enda kwa boneti kwanza.

Kurekebisha, injini imezimwa. Kwanza toa ile kapeti ya kununua pale Kirinyaga Road chini ya pedali, juu ikiwa nene pedali haifiki mwisho na vipimo vyote vitakudanganya. Mtu akae ndani akanyage mafuta mpaka chini kabisa ashikilie. Wewe angalia pale kwa injini kama mkono umefungua mpaka mwisho, jaribu kuusukuma na kidole. Ukisonga bado, kebo ya pedali ndio imelegea, rekebisha hiyo kwanza.

Sasa angalia kebo ya giaboksi. Kwa waya wa ndani kuna kachuma kadogo kamefinyiliwa, na mwisho wa ganda la nje kuna kofia ya mpira. Pedali ikiwa chini kabisa, nafasi kati ya mwisho wa hiyo mpira na hako kachuma inafaa iwe 0 mpaka 1 milimita. Hiyo ndio yote. Ikiwa kubwa ama kachuma kameingia ndani ya mpira, legeza zile nati mbili zinashika ganda kwa bracketi, songesha ganda mpaka upate hiyo nafasi, kaza zote mbili, mwambie mtu aachilie akanyage tena, pima tena. Kama kuna mtu ashawahi songesha hako kachuma, kipimo hakina maana. Na ukiweka kebo mpya kachuma kanakuja kama hakajafinywa: unavuta waya wa ndani pole pole mpaka uskie inaanza kugoma kidogo, hapo ndio unakafinya, 0.8 mpaka 1.5 milimita kutoka mwisho wa ganda.

Usiwahi kaza hii kebo kupita kipimo ndio ufiche giaboksi inayoteleza. Madalali wa magari wanaifanya. Wewe usijifanyie.

Fimbo ya gia na swichi ya nyutro

Hii ni fupi. Gari ikikataa kuwaka kwa P lakini kwa N inawaka, ama dashibodi inaonyesha D na gari inajiskia iko kwa 2, anza hapa. Chini ya gari legeza nati ya fimbo inayounganisha gia ya ndani na mkono wa giaboksi. Sukuma huo mkono nyuma mpaka mwisho, alafu urudishe mbele mibofyo miwili, hiyo ni N. Ndani ya gari weka N, mtu aishikilie kwa uzito mdogo upande wa R, kaza nati. Bushi za hiyo fimbo zikiwa zimelika badilisha, juu hakuna kurekebisha kitu inacheza.

Swichi iko kwa huo huo mkono. Gia ikiwa N, legeza bolti yake, zungusha swichi mpaka mfereji wake ulingane na mstari wa nyutro, kaza. Kama ndani imejaa matope ya Kajiado, fungua uoshe na dawa ya kusafisha stima kabla ununue mpya.

Kufungua sampu

Weka karai, toa bolti ya kumwagia, oili itatoka kama lita 2. Alafu bolti ndogo za 10 zikizunguka sampu yote. Itakataa kutoka juu imeshikwa na silikoni ama gasketi imekauka. Usichome bisibisi kubwa kwa ukingo wa alumini, ukiukwaruza itavuja milele. Tumia wembe mwembamba wa kukata silikoni, zunguka nayo pole pole, na sampu ikiachilia tarajia oili zaidi.

Ndani ya sampu kuna sumaku. Hiyo ndio ripoti ya daktari. Uji mweusi laini kwa sumaku ni kawaida kwa umri huu. Vipande vya chuma vinavyoshikwa na sumaku, unaongea kuhusu bearing, gia ama zile sahani za chuma. Vipande vya manjano ambavyo sumaku haivitaki ni shaba, bushi zinalika. Vipande vikubwa vya kitu kama karatasi nyeusi ni klachi zenyewe zimebanduka, na hapo hata ufanye nini giaboksi itafunguliwa tu.

Angalia pia kama sampu imepigwa na jiwe ikaingia ndani. Ikibonyea mpaka ikaribie filta, oili haipandi vizuri, na dalili ni kama za pampu mbovu. Inyooshe na nyundo ya mpira juu ya kitu tambarare.

Filta imeshikwa na bolti chache, angalia urefu wao ukizitoa usije ukachanganya, juu ndefu ikiingia mahali pa fupi inapasua kitu. Weka filta mpya na gasketi yake. Valvu bodi, ile sehemu inayogawa oili kwa gia, iko hapo juu inakuangalia, mipira midogo ya chuma imejificha ndani, usiiguse kama hujui kila mpira unakaa wapi.

Kurudisha, pangusa nyuso zote mbili ziwe kavu kabisa, silikoni nyembamba tu kama ndio ilikuwa, juu ikizidi inaingia ndani na kuziba filta. Bolti za sampu zinakazwa nyutoni mita 7 hivi, hiyo ni mkono mwepesi na reinchi fupi, kwa msalaba. Mtu wa kukaza mpaka mishipa itoke shingoni asikaribie. Bolti ya kumwagia ni 20. Jaza kupitia tundu la dipstiki na faneli ndefu, anza na kiasi ulichomwaga, washa, pitisha gia zote, pima, ongeza kidogo kidogo, alafu pima vizuri ikiwa moto.

Jua kwamba hujabadilisha oili yote. Giaboksi nzima na konveta zinabeba kama lita 10 kwa hizi za 4x4, so kila ukimwaga lita 2 unatoa moja kwa tano. Ukirudia mara nne, ukiendesha siku chache katikati, bado kama asilimia 40 ni ya zamani. Inatosha. Ile mashine ya kusukuma oili yote mara moja kwa presha siwezi weka kwa giaboksi haijawahi fanyiwa sevisi. Na kama ilikuwa inateleza na oili nyeusi tayari, oili mpya haitarudisha klachi iliyoungua.

Kuijaribu

Usijaribu kwa jam. Southern Bypass asubuhi ya Jumapili kutoka Mombasa Road kuelekea Kikuyu ni nzuri, iko na tambarare na iko na mlima. Skia kila gia ikiingia, kwa mafuta kidogo na kwa mafuta mengi. Ukifika kama 80 kwa gia ya juu, shikilia mafuta sawa sawa alafu gusa breki kidogo tu na mguu wa kushoto, uhakikishe hakuna mtu nyuma yako. Revu zikiruka juu kidogo, konveta ilikuwa imefunga na imeachilia, hiyo iko poa. Zisiporuka, rudi kwa 64 na waya zake, juu konveta isiyofunga inakula mafuta na kuchemsha oili. Ukifika nyumbani rudia ile video ya N kwenda D, linganisha na zile namba za kwanza.

Gari ikikwama njiani, kataa ivutwe na kamba tairi za nyuma zikizunguka. Pampu inaendeshwa na injini, injini ikizima hakuna oili inazunguka ndani. Lipa breakdown ya kubeba juu.

Na kama umepitia zote na R bado inachelewa, sumaku ilikuwa na vipande, basi sawa, nunua ex-Japan. Linganisha namba ya aina (code) ya giaboksi na ile iko kwa plati ya gari, si sura tu. Chukua na konveta yake. Vuta dipstiki ama ufungue sampu hapo hapo dukani, akikataa enda duka ingine. Osha mirija ya kupooza na rejeta kabla uifunge, juu takataka ya giaboksi iliyokufa bado imelala ndani. Na siku ya kufunga simama hapo: konveta inafaa iingie ndani mpaka mwisho, uizungushe na mkono uskie ikizama kila hatua. Giaboksi ikikaribia injini na kubaki pengo, alafu uone fundi anachukua spana avute na bolti, mzuie. Konveta haijakaa, na zile bolti zitavunja pampu mpya kabla gari iwake.